Daftari la Bombay Lilikuwa la Nani?

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wafanyabiashara hutumia methali hii kumwonya mwenye duka anayekopesha watu kwa kutegemea kichwa chake, lakini mtafiti wa uchumi wa India hukutana na jambo lililo kinyume. Mali ya India iliandikwa. Iliandikwa kwa nakala mbili na tatu, ikapigwa mihuri, ikafungwa kamba na kusafirishwa kwa meli. Kumbukumbu za Kampuni ya East India, pamoja na za ofisi iliyorithi utawala wake, leo zimo British Library mjini London na zinajaza rafu zenye urefu wa kilomita 14 hivi. Pamoja na madaftari yote hayo mali ilipotea, na wataalamu wangali wanabishana ilipotea kiasi gani.

Kwa hiyo mwanafunzi anaponiuliza aanzie wapi kuchunguza biashara ya India ya wakati wa ukoloni, mimi humrudishia swali kabla ya kumtajia maktaba yoyote. Daftari unalotaka kulifungua lilikuwa la nani, na mwenyewe alitaka kujua nini? Karani wa forodha haandiki uchumi wa nchi. Anaandika kilichopita mbele ya meza yake kikalipiwa ushuru.

Tuanze na Kampuni yenyewe. Ilipewa hati ya kifalme tarehe 31 Desemba 1600. Wakurugenzi wake walikaa London, na mawakala wao walikuwa Surat, Madras na baadaye Bombay na Calcutta, mbali kwa miezi ya safari ya tanga. Mtu aliye mbali kiasi hicho na fedha zake hana njia ya kumsimamia wakala wake ila karatasi. Ndiyo sababu tunajua aina za vitambaa walivyonunua, bei zake na malipo ya awali waliyopewa wafumaji. Mwanahistoria K. N. Chaudhuri alizichukua leja hizo akazichambua kwa kompyuta, wakati wanahistoria waliofanya hivyo walikuwa wa kuhesabika, na mwaka 1978 akatoa kitabu kikubwa kuhusu biashara ya Kampuni kati ya 1660 na 1760. Leja zinaonyesha kwamba Ulaya ilivitaka mno vitambaa vya pamba vya Gujarat, Coromandel na Bengal, wala haikuwa na bidhaa ambayo India iliitaka kwa kiasi hicho. Ikabidi kulipa kwa madini ya fedha, masanduku kwa masanduku. Wafumaji wa Uingereza walilalamika hadi Bunge lao likapitisha sheria za 1700 na 1721 za kuvizuia vitambaa hivyo.

Sasa ifuate hiyo safu ya madini ya fedha yaliyopakiwa kwenda Bengal, ufike miaka iliyofuata vita vya Plassey vya 1757. Inashuka. Safu ya vitambaa vilivyorudi London haishuki pamoja nayo; meli zinaendelea kujaa. Aliyezoea mahesabu atasita hapo, maana bidhaa zinakuja na malipo hayaendi. Nani analipa? Mwaka 1765 mfalme wa Mughal, Shah Alam II, aliikabidhi Kampuni diwani, yaani haki ya kukusanya kodi ya Bengal, Bihar na Orissa. Tangu hapo kodi ya mkulima ilinunua kitambaa cha mfumaji, na kitambaa kikaenda kuuzwa London kwa faida ya wenye hisa. Njaa kuu ilipoikumba Bengal mwaka 1770, ukusanyaji wa kodi haukusimama.

Katika kilomita zote 14 usitegemee kukuta karatasi iliyoandikwa kwamba hapa tunachukua bure. Utakuta tarakimu zinazopungua upande mmoja na zisizopungua upande wa pili, na kazi yako ni kuziweka pamoja.

Baada ya Taji la Uingereza kuchukua utawala mwaka 1858, njia ya kuhamisha mali ikawa ngumu zaidi kuiona, kwa sababu ilipita katikati ya biashara halali. India iliuza nje zaidi kuliko ilivyonunua, mwaka baada ya mwaka. Tuseme mnunuzi wa Uingereza ameagiza pamba ya Bombay. Hana haja ya kupeleka dhahabu. Anakwenda kununua hati za Waziri wa India, yaani waziri wa serikali ya Uingereza aliyesimamia India, zilizouzwa London kupitia Bank of England. Analipa pauni, na pauni zinabaki London. Hati inapelekwa Bombay, inafikishwa hazina ya serikali, na mwenye pamba anahesabiwa rupia zake. Rupia hizo zimetoka wapi? Zimetoka kwenye kodi ya ardhi, ushuru wa chumvi na mapato ya kasumba. Mwenye pamba ameondoka ameridhika, hajadhulumiwa na mtu. Aliyemlipa ni jirani yake wa kijijini.

Zile pauni zilizobaki London zililipa kile kilichoitwa gharama za nyumbani: pensheni za maofisa, riba ya deni, gharama za ofisi ya Waziri mwenyewe, na faida ya asilimia 5 waliyohakikishiwa wenye hisa wa makampuni ya reli hata reli isipopata abiria wa kutosha. Kuna kifungu kimoja ambacho mimi kila nikikirudia hunichoma. Sheria ya 1833 iliyoizuia Kampuni kufanya biashara iliwahakikishia wenye hisa wake gawio la asilimia 10.5 kwa mwaka, kutoka mapato ya India, kwa miaka 40. Mwaka 1874 hisa hizo zikanunuliwa kwa pauni 200 kwa kila pauni 100. Mlipa kodi wa India aligharamia kununuliwa kwa kampuni iliyokuwa imemtawala.

Mtu aliyetufundisha kusoma hivi ni Dadabhai Naoroji, Mparsi wa Bombay aliyezaliwa mwaka 1825 na kuingia Bunge la Uingereza mwaka 1892. Hakuwa na nyaraka za siri. Alitumia vitabu vya takwimu vilivyochapwa na serikali ileile aliyokuwa anaihoji. Katika utafiti wake wa miaka ya 1870 alikisia pato la mtu mmoja wa India ya Waingereza kuwa rupia 20 hivi kwa mwaka, kisha akaliweka kando ya gharama za kumlisha na kumvisha mfungwa, ambazo magereza yalizitangaza yenyewe kila mwaka. Mfungwa aligharimu zaidi. Hesabu hiyo haikuhitaji hotuba.

Lakini linalonivutia zaidi kwa Naoroji ni jambo dogo la kiufundi. Aligundua kwamba maofisa walipotafuta wastani wa mavuno ya jimbo, walijumlisha mavuno ya ekari katika kila wilaya, kisha wakagawa kwa idadi ya wilaya, bila kujali wilaya ipi ina shamba kubwa na ipi ina kipande. Tuseme wilaya moja ina ekari 100,000 zinazotoa magunia 4 kila moja, na nyingine ina ekari 1,000 zinazotoa magunia 12. Kwa hesabu ya ofisa, wastani ni magunia 8. Kwa hesabu ya haki ni magunia 4 na kidogo. Nchi inakuwa tajiri maradufu kwenye karatasi, na hakuna aliyeandika uongo popote. Hoja zake alizikusanya katika kitabu kikubwa mwaka 1901. Romesh Chunder Dutt, aliyewahi kuwa ofisa wa serikali hiyo, akafuata na juzuu zake mbili za historia ya uchumi wa India mwaka 1902 na 1904.

Mjadala haujaisha. Mwaka 2018 mchumi Utsa Patnaik alitoa makadirio kwamba Uingereza ilichota kutoka India mali yenye thamani ya dola trilioni 45 kati ya 1765 na 1938. Tarakimu hiyo imezunguka mitandaoni kote. Wengine, akiwemo mwanahistoria Tirthankar Roy, wanaipinga nadharia yenyewe ya mchoto huo. Hukumu yangu ni hii: njia ya kuhamisha mali niliyoieleza hapo juu imo kwenye nyaraka na haina shaka. Ile jumla ya trilioni 45 inasimama juu ya riba ya asilimia 5 iliyolimbikizwa kwa miaka mingi. Ukibadilisha riba, jumla inageuka kabisa. Anayetaka kuitetea India atakuwa na nguvu zaidi akishika njia kuliko akishika jumla. Vivyo hivyo kwa makadirio ya mchumi Angus Maddison, kwamba India ilikuwa na asilimia 24 hivi ya pato la dunia mwaka 1700 na asilimia 4 hivi mwaka 1950. Fungu hilo lilishuka pia kwa sababu Ulaya na Marekani zilijenga viwanda na kukua upesi. Mwenye kusoma vizuri atauliza kwa nini India haikukua nazo, na hapo atalazimika kurudi kwenye meza ya forodha.

Atakuta, kwa mfano, kwamba mwaka 1882 ushuru wa vitambaa vilivyoingia India kutoka Uingereza ulifutwa. Serikali ilipoishiwa fedha mwaka 1894 ukarudishwa, lakini wenye viwanda wa Lancashire, Uingereza, wakadai haki sawa, na viwanda vya India vyenyewe vikatozwa kodi kwa nguo zilizofumwa nchini humo. Kuanzia 1896 viwango vilikuwa asilimia 3.5 kwa nguo za nje na asilimia 3.5 kwa za ndani. Kodi hiyo ya ndani ilidumu hadi katikati ya miaka ya 1920.

Vitabu vya takwimu vya kipindi hicho vina mitego, na nimeona tasnifu nzuri zikiharibika kwa mtego mmoja tu. Juu ya safu za tarakimu za miaka ya 1880 na 1890 utakuta alama ndogo, Rx. Maana yake ni rupia kumikumi. Zamani rupia 10 zilihesabiwa kuwa pauni 1, na makarani wakashikilia mazoea hayo hata baada ya rupia kuporomoka pamoja na bei ya madini ya fedha. Rupia iliyokuwa karibu shilingi 2 za Kiingereza mwanzoni mwa miaka ya 1870 ilikuwa chini ya shilingi 1 na peni 3 ilipofika 1894. Mwanafunzi akisoma Rx kama pauni, ameikuza biashara ya India kwa zaidi ya nusu bila kujua. Mwaka wa hesabu nao ulianza tarehe 1 Mei hadi miaka ya 1860, ndipo ukahamia 1 Aprili. Na katika orodha za maktaba tafuta majina ya zamani: Bombay, Madras na Calcutta, maana majina ya Mumbai, Chennai na Kolkata yamekuwa rasmi tangu 1995, 1996 na 2001 tu.

Mtego mkubwa kuliko yote ni neno India lenyewe. Takwimu hizo ni za India ya Waingereza. Mandvi, bandari ya Kutch ambako majahazi mengi yalitweka tanga kuja pwani ya Afrika Mashariki, ilikuwa chini ya Rao wa Kutch, mtawala aliyekuwa na forodha yake na sarafu yake, kori. Shehena iliyotoka Mandvi moja kwa moja hadi Unguja haikupita mbele ya karani wa Bombay. Daftari lake haliijui.

Hapa ndipo habari inapotuingia sisi wa pwani. Atkins Hamerton alipofika Unguja mwaka 1841 kuwa balozi wa Uingereza, alikuwa ofisa wa jeshi la Bombay na wakala wa Kampuni, na barua zake nyingi zilikwenda Bombay. Kwa hiyo sehemu kubwa ya historia ya uchumi ya Unguja ya Sultani Seyyid Said iko Mumbai, katika Nyaraka za Jimbo la Maharashtra ndani ya jengo la Elphinstone College, ndani ya majalada ya idara ya siasa. Taarifa ya balozi Christopher Rigby kuhusu milki za Unguja ilichapwa Bombay mwaka 1861 pamoja na kumbukumbu za serikali ya huko. Nakala na majibu ya barua za ubalozi zimo pia katika Nyaraka za Taifa Zanzibar, Kilimani. Anayesoma upande mmoja tu anasikia mazungumzo ya simu kwa sikio moja.

Lakini mabalozi hao walikuwa na shida ambayo wasomaji wao husahau. Forodha ya Unguja haikuendeshwa na makarani wa Sultani. Ilikodishwa, na kwa miongo kadhaa ya karne ya 19 aliyeikodi ilikuwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, Mabhatia kutoka Kutch, ambao wakala wao mashuhuri Unguja alikuwa Ladha Damji. Aliyekodi alimlipa Sultani fungu lililokubaliwa na kubaki na kinachozidi. Kwa hiyo hesabu za pembe za ndovu, karafuu, nguo na watumwa walioingia na kutoka zilikuwa siri ya tajiri, ndani ya madaftari yake mwenyewe. Balozi aliambulia makisio, naye aliyaandika kwa mwandiko mzuri na kuyatuma Bombay, nasi leo tunayanukuu kana kwamba ni takwimu.

Madaftari ya wafanyabiashara hao huitwa bahi au chopda. Ni marefu, yana jalada la kitambaa chekundu, na yameshonwa kwa uzi. Yaliandikwa Kigujarati au Kikutchi kwa mwandiko wa haraka wa kibiashara, na mapya yalifunguliwa kila Diwali kwa ibada. Ndani yake mna hundi: karatasi ambayo tajiri wa Unguja aliiandikia nyumba yake ya Bombay au Mandvi kwamba mlipeni mwenye hati hii kiasi fulani baada ya siku fulani. Hundi moja ilihamisha mtaji kuvuka bahari bila sarafu hata moja kupanda jahazi. Neno hilo tumelichukua kama lilivyo, na benki zetu zinalitumia kila siku. Tumechukua pia bima, laki, pesa, gunia, na bepari, ambalo kwa Kigujarati lilikuwa na maana ya mfanyabiashara tu. Rupia yenyewe ilikuwa fedha rasmi ya Kenya ya Waingereza hadi 1920, na Wajerumani nao walitengeneza rupia yao kwa Tanganyika. Lugha yetu ni nyaraka za biashara hiyo, na pengine ndizo zilizo wazi kuliko zote.

Nguo nazo zinasimulia. Katikati ya karne ya 19 merikani kutoka viwanda vya Massachusetts ilitawala soko la Unguja na bara yake. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vikaikata. Bombay, ambayo kiwanda chake cha kwanza cha pamba kilikuwa kimeanza miaka ya 1850, ikalivamia soko hilo, na kabla ya karne kwisha nguo isiyopaushwa ya Bombay ilikuwa ikiuzwa bara kwa jina lilelile la merikani. Katika takwimu za serikali, hii ni safu moja ya nguo za pamba. Katika barua za wafanyabiashara ni habari ya mnunuzi wa Unyamwezi aliyekataa upana usiomfaa hadi mwenye kiwanda Bombay akarekebisha mtambo wake.

Kwa anayetaka kuanza leo, kazi ni rahisi kuliko zamani. Anza na juzuu ya pili ya historia ya uchumi wa India ya Cambridge, ya 1983, ili upate ramani. Kisha nenda kwenye vitabu vya takwimu vya serikali ya India ya Waingereza, vingi vikiwa vimewekwa mtandaoni na Chuo Kikuu cha Chicago. Nyaraka za Taifa za India, zilizoanzishwa Calcutta mwaka 1891 na sasa ziko New Delhi, zina tovuti yake iitwayo Abhilekh Patal. Nyaraka za Waingereza za Ghuba zimo Qatar Digital Library, na mna mengi ndani yake kuhusu Maskati na Unguja. Kwa uchumi wa baada ya 1947, taarifa za Benki Kuu ya India na jarida la Economic and Political Weekly havina mbadala.

Ukifika Delhi uliza kuhusu mafungu ya A na B. Kumbukumbu za idara zilizohesabiwa muhimu zilitiwa fungu A, zikachapwa na kupelekwa London. Zilizoonekana ndogo, kama malalamiko ya mwenye duka, ombi la nahodha au ugomvi wa ushuru wa robota tatu, zilitiwa fungu B, na kwa kawaida zilibaki India. Watafiti wengi huishia London na A. Sauti za watu tunaowatafuta zimo katika B.

Wala usidhani tatizo hili la watu wadogo kutoonekana liliondoka na ukoloni. Wafanyakazi walio wengi India wako nje ya sekta rasmi, na sehemu ya pato lao hukisiwa kwa kutazama jinsi makampuni yaliyosajiliwa yanavyokwenda. Tarehe 8 Novemba 2016 serikali ilipofuta noti za rupia 500 na 1,000, zilizokuwa asilimia 86 ya thamani ya fedha iliyokuwa mikononi mwa watu, mchuuzi wa sokoni ndiye aliyeumia kwanza, naye ndiye ambaye takwimu humwona mwisho.

Nina ombi kwa wasomaji wa Mombasa, Lamu, Tanga, Bagamoyo, Unguja na Pemba, na kwa jamaa zao waliohamia Uingereza, Kanada na Ghuba. Serikali zilitunza madaftari yao. Madaftari ya maduka yanazidi kupotea, kwa mchwa, kwa unyevu, na kwa wajukuu wasiosoma Kigujarati wanaodhani ni takataka za babu. Ukikuta kasha lenye vitabu virefu vya jalada jekundu kwenye ghala au juu ya dari, usikichome hata kimoja na usiyavunje mafungu yake. Andika vilipatikana nyumba gani na mtaa gani, vipige picha ukurasa kwa ukurasa, kisha vipeleke kwenye nyaraka za taifa zilizo karibu nawe kabla ya masika.